Kiringye: Namna ya kuondoa virusi ya upelelezi inayorudi kila mara kwenye ordinateri

Mwalimu anaingiza flashi kwenye ordinateri ya nyumba ya fotokopi ili achapishe raporo ya shule. Badala ya kuona faili zake, anaona alama moja tu yenye sura ya flashi na jina la flashi ileile. Anaibonyeza mara mbili, faili zinaonekana, karatasi zinatoka, analipa na kwenda zake. Kwa macho, hakuna kilichoharibika. Ndiyo sababu wengi hawashtuki.

Lakini alama ile haikuwa faili yake. Ilikuwa njia ya mkato iliyotengenezwa na virusi. Mtu akiibonyeza, mambo mawili yanafanyika kwa wakati mmoja: faili zinafunguka, na programu ya upelelezi inaingia kwenye ordinateri. Kuanzia hapo, kila flashi nyingine itakayoingizwa kwenye mashine hiyo itatoka na ugonjwa uleule.

Kiringye ni mahali ambapo jambo hili linagusa maisha ya watu moja kwa moja. Hapa kwenye bonde la Ruzizi, teritware ya Uvira, kati ya Kamanyola na Sange, si kila shule, kituo cha afya au chama cha wakulima wa mpunga chenye ordinateri yake. Mashine moja inayotumia umeme wa sola inaweza kutumiwa na kijiji kizima, na makaratasi yanatembea kwenye flashi, ambayo wengi wanaiita kle. Majina ya wanafunzi, orodha za wagonjwa, hati za mashamba, orodha za watu waliohama makwao kwa ajili ya vita: vyote vinapita kwenye mashine ileile. Virusi inayoiba faili ikikaa pale, haimpelelezi mwenye ordinateri peke yake. Inapeleleza kijiji.

Virusi yenyewe ni ipi?

Kati ya virusi za upelelezi zinazosafiri kwa flashi, iliyochunguzwa sana inaitwa PlugX. Imejulikana tangu mwaka 2008. Aina yake inayojisambaza yenyewe kwa flashi ilianza kuenea mwaka 2020. Wizara ya Sheria ya Marekani inasema aina hiyo ilitengenezwa na kikundi cha wadukuzi kinachoitwa Mustang Panda, kilicholipwa na serikali ya China. China imekuwa ikikana mashtaka ya namna hiyo.

Kazi yake ni ya ujanja. Kwenye flashi inatengeneza folda ambayo haionekani, na jina lake ni nafasi tupu ya aina ya pekee, hivyo hata ukiitafuta kwa jina huwezi kuiona kirahisi. Faili zako zote inazihamishia humo. Nje inaacha ile njia ya mkato tu. Ndani ya folda hiyo inaficha faili tatu za kwake: programu halali ya kampuni inayojulikana, faili ya uongo yenye mwisho wa .dll, na faili ya tatu iliyofungwa kwa maandishi ya siri. Programu halali inapofunguka inaiita ile ya uongo, na ile ya uongo inafungua ya tatu. Antivirusi inaona jina la kampuni inayoheshimika, na mara nyingine inanyamaza.

Ikiisha kuingia, inaweza kupiga picha ya kile kilicho kwenye ekrani, kuandika kila herufi unayoipiga, na kutuma faili kwa bwana wake. Kukosa intaneti si kinga. Mwezi wa Januari 2023, wachunguzi wa Unit 42 ya kampuni Palo Alto Networks walieleza aina ya PlugX inayokopi faili zote za PDF na za Word kutoka kwenye ordinateri na kuzificha ndani ya flashi. Faili hizo zinangoja siku flashi itakapofika kwenye mashine yenye intaneti.

Mwaka huohuo, wachunguzi wa Mandiant, kampuni ya Google, walieleza upelelezi wa aina hiyo kwenye mashirika yanayofanya kazi Afrika, zikiwemo nchi za Kenya, Tanzania na Zimbabwe. Walisema baadhi ya maambukizo yalitokea kwenye nyumba za intaneti na mahali pa kuchapisha makaratasi, yaani mahali ambapo watu wengi wanaingiza flashi zao kwenye mashine moja. Ni namna ileile ya kazi inayofanyika kando ya barabara yetu kutoka Kamanyola mpaka Uvira.

Kwa nini inarudi?

Wengi wanaisafisha ordinateri na kusahau flashi. Wengine wanafuta kila kitu kwenye flashi, halafu wanairudisha kwenye ordinateri ileile yenye ugonjwa. Kwa njia zote mbili, siku mbili hazipiti alama ile imerudi, na watu wanasema virusi hii haina dawa. Dawa iko, ila virusi ina nyumba mbili. Ukiifukuza kwenye moja, inalala kwenye nyingine.

Hata mataifa yenye nguvu yaligonga ukuta huo. Mwezi wa Septemba 2023, kampuni ya Ufaransa inayoitwa Sekoia ilipata, kwa dola 7 tu, anwani ya intaneti ambayo PlugX ilikuwa inaitumia kupokea amri. Kila siku anwani kati ya 90 000 na 100 000 zilikuwa zinaipigia hodi. Ndani ya miezi 6 zilihesabiwa karibu milioni 2 na nusu, kutoka nchi zaidi ya 170. Nigeria ilikuwa mbele ya nchi zote.

Kwa kuwa anwani hiyo ilikuwa mikononi mwao, wangeweza kutuma amri ya kuiambia virusi ijifute yenyewe. Mwezi wa Julai 2024, Ufaransa ilianza kufanya hivyo kwa msaada wa Sekoia. Tarehe 14 Januari 2025, Marekani ilitangaza kwamba FBI, kwa ruhusa ya mahakama, imeifuta PlugX kwenye ordinateri zaidi ya 4200 ndani ya nchi hiyo.

Lakini amri hiyo inafika tu kwenye ordinateri iliyounganishwa na intaneti. Flashi iliyo ndani ya sanduku la mwalimu au mfukoni mwa muuguzi haisikii amri yoyote. Sekoia yenyewe ilisema kwamba kwa sababu hiyo virusi hii haiwezi kumalizwa kabisa kutoka mbali. Kazi hiyo inabaki kwa mwenye mashine.

Hatua za kuitoa

Si kila virusi ya flashi ni PlugX. Ziko nyingine nyingi zinazoficha faili na kuacha njia za mkato. Lakini namna ya kuzitoa inafanana, na haiombi pesa nyingi. Inaomba siku moja na uvumilivu.

Kwanza, usiformati kitu chochote. Faili zako hazijapotea, zimefichwa tu. Ukiformati mapema, wewe ndiye utakayezipoteza.

Pili, kata intaneti, halafu kusanya flashi zote, kadi za kumbukumbu na diski za nje ambazo zimegusa mashine hiyo. Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi wanairuka. Kama ni nyumba ya fotokopi, bandika tangazo mlangoni na uwaombe wateja wa kila siku walete flashi zao siku hiyo.

Tatu, anza na ordinateri, bila flashi yoyote ndani yake. Windows 10 na Windows 11 zina antivirusi yake ya bure, Defender. Iunganishe na intaneti ya telefoni dakika chache tu ili ipate orodha mpya ya virusi, kisha kata tena. Kwenye mashine ya Kifaransa, fungua "Sécurité Windows", halafu "Protection contre les virus et menaces", halafu "Options d'analyse". Chagua "analyse hors ligne". Ordinateri itazimika na kuwaka tena, na uchunguzi utafanyika kabla Windows haijaamka. Faida yake ni kubwa: virusi inakamatwa ikiwa usingizini, kabla haijaanza kujitetea. Kazi hiyo inachukua kama dakika 15. Hakikisha betri ya sola ina nguvu ya kutosha, kwa sababu umeme ukikatika katikati unaweza kuharibu mashine. Windows ikiisha kuwaka, fanya tena uchunguzi wa diski nzima, hata kama utachukua saa nyingi.

Nne, safisha flashi moja baada ya nyingine. Usibonyeze alama yoyote iliyo ndani yake. Tangu mwaka 2011, baada ya Microsoft kufunga mlango wa flashi kujifungua yenyewe, virusi nyingi za aina hii zinangoja mkono wa mtu. Usipobonyeza, haziamki. Bonyeza kitufe cha kulia cha panya juu ya jina la flashi, uamuru antivirusi iichunguze.

Tano, toa faili zako mafichoni. Fungua "Invite de commandes". Kama flashi yako inaitwa E, andika mstari huu na ubonyeze Entrée:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kama flashi yako ina herufi nyingine, weka hiyo badala ya E. Folda isiyo na jina itajitokeza. Ndani yake kuna faili zako, na pengine folda nyingine iliyovaa sura ya pipa la takataka. Hiyo usiiguse. Chukua maandishi, picha na hesabu zako peke yake. Faili yenye mwisho wa .exe, .dll, .lnk, .vbs au .js iache palepale.

Sita, faili zako zikiisha kuwa mahali salama, sasa formati ile flashi.

Kama huna ordinateri safi ya kufanyia kazi hiyo, telefoni ya Android inaweza kusaidia. Kuna waya mdogo unaounganisha flashi na telefoni, na unauzwa na wauza vifaa vya telefoni. Virusi ya Windows haiwezi kuamka ndani ya Android, na mara nyingi folda iliyofichwa inaonekana pale wazi. Kopi maandishi yako kwenye telefoni, halafu formati flashi. Anayejua Linux anaweza kufanya vilevile kwa kuwasha ordinateri kwa Ubuntu au Linux Mint kutoka kwenye flashi mpya, bila kugusa Windows iliyo ndani.

Makosa yanayobaki nyuma

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Virusi imetoka, lakini mashine inaanza kulalamika kwa maneno ambayo haikuyasema zamani. Mengi kati ya malalamiko hayo si ugonjwa mpya. Ni nyayo za mgeni aliyekwisha kuondoka.

Kosa la kwanza linatokea mara tu ordinateri inapowaka: kidirisha chenye jina RunDLL kinachosema "Le module spécifié est introuvable". Maana yake ni kwamba Windows ilipewa amri ya kufungua faili fulani kila asubuhi, na faili hiyo sasa haipo kwa sababu antivirusi imeifuta. Faili imekwenda, amri imebaki. Usiende kwenye intaneti kutafuta hiyo faili ya .dll ili uirudishe. Ungekuwa unamfungulia mwizi mlango mara ya pili. Kitu cha kufanya ni kufuta amri. Microsoft inatoa bure programu ndogo inayoitwa Autoruns, inayoonyesha kila kitu kinachoamka pamoja na Windows. Mistari yenye rangi ya njano ni ile ambayo faili yake haipatikani tena. Ondoa alama mbele ya mstari wenye jina lile uliloliona kwenye kidirisha, uwashe mashine upya, na kosa litanyamaza. Kama kuna mstari usioujua, usiufute. Ondoa alama tu, ili uweze kuirudisha ukiona kuna kazi iliyosimama.

Kosa la pili: kidirisha cha Windows Script Host kinachosema hakioni faili yenye mwisho wa .vbs au .js. Sababu ni ileile na dawa ni ileile. Angalia pia "Planificateur de tâches", kwa sababu virusi nyingine zinajiandikia saa ya kuamka humo.

Kosa la tatu: telefoni inaonyesha intaneti ipo, lakini kwenye ordinateri hakuna ukurasa unaofunguka. Virusi nyingine zinapitisha intaneti yako kwenye njia yao, na zikitolewa njia inabaki imekatika. Ingia "Paramètres", kisha "Réseau et Internet", kisha "Proxy". Kama kuna anwani ambayo hukuiandika wewe, wala aliyekuwekea mtandao, izime.

Kosa la nne: unapotaka kufungua "Gestionnaire des tâches", mashine inasema msimamizi ameifunga, na msimamizi ni wewe mwenyewe. Ni kufuli iliyoachwa na virusi. Afadhali mtu anayejua aifungue ndani ya rejista ya Windows. Kama hujawahi kuingia humo, usijaribu peke yako, kwa sababu mstari mmoja uliofutwa vibaya unaweza kuizuia mashine kuwaka.

Kosa la tano: Windows inakwenda polepole sana, au programu zake zinafunguka na kujifunga. Fungua "Invite de commandes" kwa ruhusa ya msimamizi na uandike sfc /scannow. Amri hii inachunguza faili za Windows na kurudisha zilizoharibika, na haihitaji intaneti. Ikisema imeshindwa kutengeneza zote, iko amri nyingine, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, lakini hiyo inaweza kutumia megabaiti nyingi. Ngoja siku utakayokuwa na intaneti ya kutosha, halafu urudie sfc.

Si kila kosa ni la virusi. Mashine inayozimika ghafla kila mara betri ya sola inapoishiwa nguvu inaharibu diski yake yenyewe. Amri chkdsk C: /f inasaidia kutengeneza makosa ya aina hiyo, ordinateri inapowashwa upya.

Kama baada ya yote haya alama ile inarudi, na flashi zote zimesafishwa, usipoteze wiki nzima. Hifadhi maandishi, weka Windows upya kutoka mwanzo, kisha rudisha maandishi peke yake. Jihadhari na programu za kufungua Windows bila kulipa, zinazopita kutoka mkono hadi mkono. Nyingi zinaomba uzime antivirusi kwanza, na hapo ndipo virusi inapoingia.

Kilichokwisha kutoka hakirudi

Kusafisha mashine hakurudishi faili zilizokwisha kuibwa. Kwa hiyo kuna kazi inayobaki. Badilisha maneno ya siri ya imeli na ya akaunti zote zilizofunguliwa kwenye ordinateri hiyo, na uyabadilishe kwenye telefoni au mashine nyingine iliyo safi. Kama mashine ilikuwa na orodha ya wagonjwa, ya mashahidi au ya watu waliohama, waliokabidhi majina hayo wana haki ya kuambiwa. Katika eneo ambalo watu wamekimbia mara nyingi kwa ajili ya silaha, jina na mahali mtu anapolala si maandishi matupu.

Sheria pia ipo. Kodi ya dijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za watu binafsi na inaadhibu anayeingia kwenye mashine ya mwingine bila ruhusa. Lakini hakuna sheria itakayosafisha flashi kwa niaba ya mwenyewe.

Kwa wenye nyumba za fotokopi, kinga si ghali. Chagua mashine moja, hata ile ya zamani, uiwekee Linux, na iwe ndiyo pekee inayopokea flashi za wateja. Virusi ya Windows ikifika pale haitaamka. Mteja mwenye telefoni atume kazi yake kwa WhatsApp au kwa Bluetooth, ili flashi ibaki mfukoni. Kwenye mashine zenye Windows, agiza mwisho wa kila jina la faili uonekane, ili faili ya .exe isijifanye raporo. Na orodha zenye majina ya watu zisilale kwenye mashine ya watu wote. Zikiisha kuchapishwa, zifutwe.

Mtu akikuambia kwamba ordinateri yake imepona, usimuulize kwanza kama inakwenda mbio. Muulize flashi zote zilizopita pale ziko wapi. Kama hata moja haijulikani ilipo, matibabu bado hayajaisha.